Nguzo Aliyoing'oa Baba

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu wa kike alirudi kutoka mpira wa pete, akaingia uani, akavua raba moja akaitupa kwenye kuku, akavua ya pili akaitupa penye ndoo. Nikajua wamefungwa. Mtu aliyeshinda havui viatu namna ile. Mshindi huingia navyo mpaka ndani, na kabla hajakuamkia ameshakuhadithia goli la tatu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mangapi?"

"Moja tu, Bibi! Goli moja! Na lile lenyewe refa kapendelea."

"Aliyelifunga nani?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi nitamjulia wapi jina? Yule mrefu wa timu yao."

Nikacheka mpaka kitambaa nilichokuwa nakishona kikanianguka. Mmekabana na mtu tangu firimbi ya kwanza hadi ya mwisho, jasho lake limekupata, lako limempata, kisha jina lake hulijui? Nikamwambia, basi nyinyi mmefungwa mara mbili. Akanuna. Nikamwita akae mkekani, nikammegea kipande cha mkate wa kumimina, nikamweleza habari ya Sikudhani wa Miono. Na wewe mwenzangu, kwa kuwa umekaa, sikiliza.

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hayo manne nayo mengi niliyamalizia dirishani. Naandika kama ninavyosema, usinihesabie makosa. Lakini majina ninayo. Kule kwetu Mlingotini timu yetu ya mpira wa pete ilikuwa hivi: Siwema kapteni, Mwanahamisi mfungaji, Pili na Tatu baba mmoja mama mbalimbali, Zuhura aliyekuwa akicheka hata akiumia, Chausiku mwenye mbio, na mimi mlinzi wa goli. Uniamshe usiku wa manane nitakutajia bila kukosea.

Uwanja wetu ulikuwa ufukweni. Maji yakipwa, mchanga wa chini unabaki umekaza, mgumu kama sakafu, na hapo ndipo tulipochimbia nguzo zetu mbili za mkoko, moja juu, moja chini upande wa bahari. Pete tulikatiwa na fundi kutoka chuma cha pipa. Mistari tulichora kwa kisigino. Saa hatukuwa nayo. Mchezo ulianza bahari ikiondoka na ulikwisha bahari ikirudi, na kila siku tulichora mistari upya, kwa kuwa ya jana ilikwisha futwa.

Baba hakuupenda mpira ule. Yeye alikuwa msukaji madema, ile mitego ya samaki ya fito, na alitaka binti zake nao wakae kitako wasuke. Kila nikitoka na mpira alisema maneno yaleyale: "Mtoto wa kike anarukaruka mbele za watu, anatafuta nini juu kule?" Bibi yangu, mama yake yeye, alikuwa upande wangu. Alimjibu kutoka jikoni, "Anatafuta ulichokikosa wewe. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa hurukaruki?"

Basi ikaja habari kwamba wasichana wa shule ya Miono wanakuja kucheza nasi. Miono ni bara, mbali, watu wa mahindi na ufuta. Baba aliposikia alitangaza barazani mbele ya wanaume wenziwe, tena kwa sauti ili nami niliyeko ukumbini nisikie: "Nawaachia wacheze hiyo mechi. Wakifungwa, mpira kwangu basi. Binti yangu atakaa asuke ukili wa mikeka mpaka apate mume."

Maneno ya barazani, mwenzangu, hayarudi mdomoni. Nilikwenda kumwambia Siwema, naye akasema, "Basi tusifungwe." Kama vile ni jambo la kuamua tu.

Wageni walifika kwa lori la mazao, wamejaa vumbi mpaka kope. Tukagawana, kila nyumba ikachukua wake. Kwetu akaja msichana mwembamba, kimya, anayeshika kila kitu kwa mkono wa kushoto. Bibi akamuuliza jina, akasema Sikudhani. Asubuhi nilimpeleka kuiona bahari, maana hakuwa ameiona maisha yake. Tulifika maji yamekwisha pwa, mchanga mtupu mpaka mbali, kaa wanakimbizana.

"Bahari yenyewe iko wapi?" akauliza.

"Imekwenda kutembea. Itarudi."

"Ikirudi inapiga hodi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Mwalimu wetu, mwanamke wa bara naye, aliyehamia kwetu mwaka uleule, alipanga mchezo uanze saa nne, kwa hesabu ya maji aliyopewa na wazee. Lakini hesabu ile haikuwa na bibi yangu ndani yake. Bibi na wanawake wenziwe walikuwa wameamka alfajiri kukuna nazi. Walipoona wageni wanafunga kanga viunoni waende uwanjani, bibi alisimama njiani na mwiko.

"Mwalimu, hawa watoto unawapeleka wapi?"

"Mchezoni, mama. Muda umefika."

"Muda wa nani? Mgeni hachezi na njaa kwetu. Wakirudi kwao watasema Mlingotini tulipewa mpira, chakula hatukupewa!"

Mwalimu akasema wameshakunywa chai. Bibi akauliza tangu lini chai ikawa chakula. Basi watu wakakaa. Ukaja wali wa nazi, akaja samaki changu wa kupaka, ikaja mihogo, kila mama ameleta sahani yake na hataki irudi na kitu. Mgeni akisema ameshiba anaambiwa hajaonja cha mama fulani. Tulipomaliza ikaadhiniwa adhuhuri, watu wakaenda kuswali. Tulipofika ufukweni, mwezi ule ulikuwa wa kumi na nne, bamvua lenyewe, maji yakijaa hujaa hasa, na bahari ilikwisha geuka zamani inarudi. Mpaka leo watu wa Miono husema tuliwalisha makusudi wawe wazito. Uongo! Sisi wenyewe tulikuwa tumeshiba hivyohivyo, Zuhura alikuwa anakimbia ameshika tumbo.

Siwema aliyatazama maji, akaitazama ile nguzo ya chini. Sarafu iliporushwa akashinda yeye, akachagua tufunge goli la chini kwanza. Mwalimu hakuona neno. Miono hawakuona neno. Sisi saba tulitazamana, tukatazama pembeni haraka. Tulijua vizuri kwamba tukibadilishana magoli, lile la chini litakuwa la Miono kufungia, na bahari nayo itakuwa imefika kucheza.

Kipindi cha kwanza tulikwenda sita kwa manne. Baba naye alikuwepo. Hakuja kutazama, hata! Alikuja na dema lake halijakwisha, akakaa pembeni anasuka, kama kwamba Mlingotini nzima hapakuwa na pahala pengine pa kusukia. Niliona kila Mwanahamisi akipiga mpira, mikono ya baba inasimama.

Tukabadilishana. Nikashuka kwenye nguzo yangu kulinda, maji yananifika vifundoni. Punde yakafika chini ya magoti. Mimi kwangu maji yale si kitu. Sikudhani, mfungaji wao, alifika mpaka penye povu akasimama. Mpira ukarushwa kwake, akaudaka vizuri, lakini kufunga kutoka pale ni mbali, na mbele hasogei.

"Njoo, bibie!" nikamwita. "Maji hayana meno!"

"Yananivuta miguu, shoga. Siingii."

"Basi rudi kwenu ukafunge mahindi!"

Watu wakaangua kicheko. Vigelegele, makopo yanapigwa, vijana wanaimba Miono wanaogopa kuoga. Nilikuwa na furaha, mwenzangu, nisikufiche. Nilikuwa nasimama peke yangu kwenye goli lisilofikika, tunaongoza tisa kwa matano, na kila wimbi lililokuja niliona linaniletea mpira wangu. Sitasuka ukili. Sitakaa ukumbini. Sikudhani alijaribu mara nyingine kutoka mbali, mpira ukaanguka majini, nikaufuata naogelea nikacheka. Nilipoinuka nikamwona anajifuta macho kwa bega.

Hapo nikamsikia baba.

"Simamisheni huo mpira!"

Aliweka dema chini, akakunja msuli aliojifunga kiunoni, akaingia majini na moja kwa moja akaja kwangu. Nikadhani ananijia mimi. Alinipita. Akaikumbatia ile nguzo, akaitikisa huku na huku mpaka mchanga ukaiachia, akaing'oa, akaitia begani pete inaning'inia, akapanda nayo ufukweni. Watu wakamzomea. Mtu mmoja akapaza sauti, "Wewe mzee, tunashinda! Unafanya nini?"

Baba hakugeuka. "Yule mtoto kalala kwangu," alisema. "Kala kwangu. Atafungwa na binti yangu akiweza. Hafungwi na bahari."

Akahesabu hatua kwenye mchanga mkavu, akachimbia nguzo upya sambamba na ile nyingine, akaishindilia kwa mguu. Kisha akarudi kwenye dema lake, akakaa. Mwalimu akatutazama sisi saba mmoja mmoja, sasa ameelewa. Siwema akainamisha uso. Firimbi ikalia.

Nikuambie nini? Yule Sikudhani kwenye nchi kavu alikuwa mtu mwingine. Mkono wa kushoto, mimi nimezoea kuziba kulia. Nikiruka huku mpira umepita kule. Sita, saba, nane. Nilijitahidi mpaka koo likakauka. Tisa kwa tisa. Mwanahamisi akapata moja, nao wakapata lao. Mwisho, maji yakiwa yameshafika karibu kutulamba hata kule juu, Sikudhani akadaka, nikaruka upande wake wa kushoto kabisa, safari hii nilimjua, vidole vyangu viliugusa mpira. Viliugusa tu. Ukazunguka kwenye ile pete ya pipa, ukazunguka, ukadumbukia. Kumi na moja kwa kumi.

Nilikaa mchangani pale pale nikalia, si kwa goli, kwa ukili. Sikudhani akaja akakaa kando yangu, akanishika mkono. Nikamwambia, "Una mkono mbaya wewe." Akasema, "Na wewe una mdomo mbaya." Tukacheka na machozi yetu.

Tulirudi nyumbani, baba mbele na nguzo begani, maana aliona akiiacha pale bahari itaichukua. Bibi alikuwa mlangoni, habari zimemfikia kabla yetu. Akamsimamisha mwanawe. "Haya, umeng'oa nguzo. Na mpira wa mtoto umeung'oa pia? Si ulisema barazani?"

Baba akaitua nguzo, akaipangusa mchanga taratibu, kana kwamba hakusikia. Nami nimesimama nyuma yake. Mwisho akasema, bila kunitazama:

"Huko Miono ardhi ni ngumu. Hawa wamezoea mchanga, watateleza. Kesho nitafyeka pale nyuma ya minazi wapate pa kujizoeza." Akavuta pumzi. "Marudiano lini?"

Bibi akapiga kigelegele kilichosikika msikitini.

Tulikwenda Miono, na baba alikuwa juu ya lori na dema lake, watu wakamuuliza kule bara atatega nini. Tulishinda, au tulishindwa, hata hilo nalo limeanza kunipotea; nakumbuka tulilishwa mbaazi mpaka tukashindwa kuinama. Toka siku ile baba akawa mtu wa kuuliza. Chausiku mguu umepona? Pili na Tatu wamepatana? Mtu ambaye hakuwahi kujua rafiki zangu hata mmoja, akawajua wote kwa majina na kwa mwendo. Tukawa na la kuzungumza, mimi naye, mpaka alipokwenda kwa Mola wake. Kombe hatukupata. Mimi nilipata baba.

Na Sikudhani? Nilipofiwa na mume wangu, katika watu wa mbali yeye ndiye aliyefika wa kwanza, na gunia la mahindi. Akanikumbatia kwa mkono wake uleule mbaya. Yupo bado, masikio yamekuwa mazito, tukipigiana simu majirani wote wanasikia.

Mjukuu wangu alisikiliza mpaka mwisho, mkate umemalizika. Jumatatu alirudi shule, akapitia kwa wale waliowafunga, na jioni alipoingia, kabla ya shikamoo, akasema, "Bibi, anaitwa Rehema. Anakaa na mama yake mdogo. Na lile goli kakubali mwenyewe alikanyaga mstari." Nikamwambia sasa mnaweza kuitwa mmecheza.

Uwanja wetu haupo tena. Bahari imeula, mwaka hadi mwaka, mpaka pale baba alipokuwa akikaa na dema lake pana maji hata yakipwa. Siwema hayupo, Zuhura hayupo na kicheko chake, Tatu hayupo. Kati yetu saba tumebaki wanne, na hakuna anayeweza kuruka hata ukuti.

Ila ukija kwangu, ingia jikoni, tazama juu. Boriti ile iliyobeba paa, yenye matundu mawili ya misumari palipokuwa na pete, ndiyo nguzo yenyewe. Bahari imechukua vyote vya siku ile. Hiyo ilikuta baba amekwisha iondoa.