Picha ya Mguu wa Jirani

Mwezi uliopita nilikwenda Kigwa kwenye harusi ya mtoto wa binamu yangu. Baada ya kula, vijana wakaanza kupitisha simu zao mkono kwa mkono, watu watazame picha. Kila picha ilipopita, wote waliitikia kama kanisani: umependeza, imetoka vizuri, hongera. Ikanifikia mimi. "Bibi, nawe sema," wakaniambia. Nikasema imetoka vizuri, na papo hapo mate yakanichachukia kinywani. Neno hilo hilo nililisema nikiwa na miaka kumi, Tabora, enzi za Mwingereza, na kila nikilitema, hurudi.

Nikueleze tulikokuwa tukikaa. Mtaa wetu ulipakana na ile njia ya zamani ya misafara, ambayo siku hizo ilikuwa imebaki njia ya kupeleka mbuzi malishoni. Asubuhi palinukia moshi wa kuni na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani, tukivitafuna kwa karanga huku tukisikia treni ya Mwanza ikipiga honi. Nililelewa na bibi yangu, mama yake mama. Kazi zangu zilikuwa kufagia uwanja, kutwanga kisamvu, na kabla ya kwenda shule, kumpelekea jirani yetu maji ya moto yenye chumvi.

Jirani huyo alikuwa mjane, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na donda ndugu lililoanzia kifundoni likapanda hadi karibu na goti. Alilisafisha nyuma ya nyumba, kaelekea ukutani, mimi nikimmiminia. Lilinuka, sikufichi. Nzi walilijua kuliko daktari. Lakini yeye sikumwonea kinyaa hata siku moja, kwa kuwa alikuwa akinitania muda wote huo, na akimaliza alishusha kanga hadi chini na kutokea barabarani akiamkia watu "mwangaluka" kwa sauti ya mtu mzima wa afya. Wengi mtaani hawakujua anachokibeba. Bibi alikuwa akiniambia, "Donda la mtu ni chumba chake cha ndani. Huingii bila hodi."

Ndipo mke wa mzungu mmoja wa serikalini akaanza kupita mtaani kwetu na kamera. Alipofika kwetu, bibi alimwomba asubiri. Akaingia ndani, akatoka amevaa gauni lake la Jumapili nililolipiga pasi ya mkaa mimi mwenyewe, akasimama wima mlangoni. Akapigwa picha. Sisi hatukuwa na picha hata moja nyumbani. Siku zile nililala nikiiwaza.

Kisha yule mama akazunguka nyuma ya nyumba ya jirani, bila hodi. Mimi nilikuwa pale na birika. Alimwashiria jirani apandishe kanga zaidi, akampa kipande cha sabuni ya kunukia, akachuchumaa, akapiga picha. Jirani alitii. Mkubwa alipokuambia fanya, ulifanya.

Baada ya majuma mawili tukaitwa wote shuleni. Picha zilikuwa zimebandikwa ukutani, kubwa kubwa. Kulikuwa na chai ya maziwa na biskuti. Mwalimu wetu, aliyekuwa mkalimani, alitunong'oneza mlangoni, "Mkiulizwa, semeni ni nzuri sana, asante. Msiniaibishe."

Picha ya bibi ilikuwepo, amenyooka kama mshumaa. Pembeni yake ulikuwa mguu. Mguu peke yake, rafiki yangu. Hapakuwa na uso, hapakuwa na mikono, hata kanga haikuonekana. Donda lilikuwa limekuzwa hadi ukubwa wa sinia, likimeta, na nzi watatu unaweza kuwahesabu. Chini yake watu walikuwa wanakunywa chai. Biskuti ilinigeukia udongo mdomoni.

Yule mama alimwuliza kila mtu, mmoja mmoja. Nzuri sana, asante. Nzuri sana, asante. Akanifikia. Nikatazama ile picha ya bibi, nikaitamani, nikasema, "Imetoka vizuri." Jirani, aliyekaa nyuma kabisa na miguu chini ya benchi, naye alipoulizwa alisema nzuri sana.

Zamu ya bibi ikafika. Akasimama.

"Mwalimu, mwambie picha hii inanuka," alisema. "Mwambie mwenye mguu huu ana kichwa, ana jina, na ana wajukuu. Mama huyu amekata mtu kama nyama ya buchani akamtundika. Mwambie aishushe."

Mwalimu akajifuta jasho, akageuka, akasema maneno machache ya Kizungu. Nilikuwa nimejifunza ya kutosha kutambua kwamba alisema bibi amefurahi sana.

"Mjukuu wangu," bibi akaniuliza mbele ya watu, "amesema nilivyosema?"

Nikamtazama mwalimu. Nikaitazama ile picha ya bibi akiwa mlangoni.

"Ndiyo, bibi."

Yule mama akacheka kwa furaha, akaibandua picha ya bibi, akampa kama zawadi kwa mikono miwili. Bibi akaishika. Akaitazama, kisha akanitazama mimi, na nikajua ameshaelewa kwamba nimemdanganya. Aliirudisha juu ya meza, akaenda ukutani mwenyewe, akanyoosha kidole kwenye mguu.

"Mimi nipe hii."

Yule mama alimpa, tena akapiga makofi. Mpaka anarudi kwao, nadhani, aliamini kwamba ndiyo iliyotupendeza kuliko zote.

Bibi alimkabidhi jirani. Tuliporudi, jirani aliisukumiza chini ya chungu cha maharage bila kuitazama. Iliungua ikijikunja, na harufu yake ilikuwa mbaya kuliko ya donda. Nikatoka nje nikatapika biskuti zote.

Siku ile hatukujua, hata mmoja wetu, kwamba picha inayo mama yake, ile filamu inayozaa nyingine kadiri unavyotaka. Nilijua hayo nikiwa mtu mzima. Huenda mguu ule uko kwenye kabati fulani Ulaya mpaka leo, bila mwenyewe.

Jirani alikufa mwaka uliofuata. Bibi alifuata nikiwa shule ya bweni. Nyumba zote mbili zilibomoka, na mara ya mwisho nilipopita pale palikuwa na duka la mabati. Mguu ule nauona nikifumba macho, kila nzi mahali pake. Sura ya bibi nimejaribu kuikumbuka miaka mingi. Naliona gauni tu.