Nilikataza Nyumba za Udongo, Mwanangu Akakosa pa Kujenga

Kosa ni langu. Msinitafutie mwenzangu wa kugawana naye, wala msiseme ni serikali. Maafisa waliokuja kwetu walikuwa watu wapole, waliouliza tunataka nini. Aliyejibu vibaya ni mimi.

Jina langu sitalisema, na kijiji sitakitaja. Kiko pwani, ukitoka Tanga kwenda Pangani, ukishaipita Kigombe. Watu wa huko wakisoma watanijua. Na wanijue.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, na kwa kijiji chetu wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Nikafanya ukarani katika shamba la mkonge hadi nikastaafu, nikarudi kukaa kwenye nyumba yangu ya tofali na bati. Kila palipohitajika mtu wa kusoma na kuandika niliitwa mimi. Basi halmashauri ilipotuletea wataalamu watusaidie kupanga matumizi ya ardhi, hapa makazi, hapa mashamba, hapa mikoko isiguswe, wanakijiji wakanichagua niongoze kamati.

Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Mikoko ilikuwa inakwisha, na watu walishaanza kushikiana mapanga kwa ajili ya mipaka. Ubaya niliuongeza mimi.

Niwaeleze kwanza, kwa wale wasiojua. Kwetu nyumba haikuwa inaanza na msingi. Kijana akitaka kuoa, baba yake alimkatia kipande pembeni ya nyumba yake. Wenziwe wakaenda porini kukata nguzo na fito, wakazisimamisha na kuzifunga. Kisha ikatangazwa siku ya kukandika. Siku hiyo kijiji kizima kilikuwa hapo: wanaume shimoni wanakanyaga udongo, wanawake wanaleta maji, wengine wanajaza udongo katikati ya fito kwa mikono, huku wakimtania bwana harusi kwamba ukuta wake umepinda kama mguu wa shangazi yake. Sufuria la wali liko motoni. Jioni kijana ana nyumba. Tofali zingekuja baadaye, chumba kimoja kimoja, kadiri Mungu atakavyomjalia.

Katika kamati nikasimama nikasema: eneo la makazi lisijengwe tena nyumba ya udongo. Iwe tofali na bati, na kiwanja kiwe kikubwa, marufuku kukigawa. Nikasema kijiji kitapendeza, na wageni wanaokwenda kupumzika Ushongo watasimama kwetu. Mkutano wa kijiji ukaipitisha. Nilipigiwa makofi, jamani!

Hayo ndiyo niliyoyasema. Niliyoyaficha ni haya. Shamba la mkonge lilipopunguza watu, waliokuwa wakiishi kambini walianza kuhamia kijijini. Babu zao waliletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge, na wao hawakuwa na kwao kwingine. Mtu alikuwa akipewa kipande, anakandika, baada ya siku chache mkewe anakaanga samaki kando ya barabara. Mimi niliyekuwa karani wao sikutaka wawe majirani zangu. Nilijua tofali hawaziwezi. Kanuni ile niliikata kwa kipimo chao.

Wa kwanza kupatwa nayo alikuwa Simoni. Tulifanya kazi shamba moja, yeye mkataji, mimi ofisini. Fito zake zilikwisha kusimama na watu walikuwa wameanza kukusanyika wakandike. Nikafika na mtendaji wa kijiji na mgambo. Simoni alinifuata mbio, akanishika mkono kwa mikono miwili, shikamoo karani, ndivyo walivyozoea kuniita. Nikamwambia avunje. Akaomba akandike chumba kimoja tu, maana mkewe alikuwa na mimba kubwa. Nikamjibu kwamba hiki ni kijiji, si kambi.

Hakubisha. Alichukua kisu akaanza kukata kamba mwenyewe, akizilaza fito taratibu zisije zikavunjika. Kisha akasema bila kuinua sauti:

"Karani, ile nyumba yako nzuri, ilianza na tofali?"

Wanawake waliokuja na ndoo za maji wakageuza nyuso kuficha kicheko. Mimi nikaona nimetukanwa. Kumbe nilikuwa nimeulizwa tu. Sikumjibu. Alifunga fito zake juu ya baiskeli, akaondoka na mkewe, na sijamwona tena.

Baada yake wengine hawakujaribu. Viwanja vikapimwa, vigingi vya zege vikasimikwa. Bei ikapanda kweli kama nilivyotabiri. Watu wakaja na magari kutoka Dar na Arusha, wakanunua, wakazungusha waya, wakaondoka. Hawajengi. Wanangoja bei ipande zaidi. Mle ndani nyasi zinamfika mtu kiunoni. Na mimi nilikuwa nikipita pale jioni nikifurahia ule waya ulivyonyooka!

Kisha ikafika zamu ya nyumbani kwangu.

Bakari ni mwanangu wa mwisho, fundi wa injini za boti. Alipata mchumba huko Mkwaja, binti wa watu wazuri. Alasiri moja akaja barazani akakaa chini, si kwenye kiti, nikajua ana ombi.

"Baba, nikatie hapo nyuma ya jiko. Nikandike chumba na ukumbi. Mengine tutaona mbele."

Mama yake alikuwa mlangoni, anatabasamu. Nadhani walishazungumza, na hata mahali pa kutundika kamba ya nguo walikwisha kupachagua. Nikasema haiwezekani. Kiwanja hakigawanyiki, na udongo umekatazwa.

Mke wangu alidhani natania. Alipoona sitanii akaniambia, "Baba Bakari, si wewe uliyeiweka? Basi iondoe."

Nikamwambia wale niliowazuia watasema nini. Nilijiona mwadilifu sana siku ile. Ukweli ni kwamba niliogopa kuchekwa na wanawake wenye ndoo kuliko nilivyoogopa kumpoteza mwanangu.

Nikamwambia Bakari aje akae na mkewe ndani, chumba kipo. Akainamisha kichwa. Kwetu mtu haleti mke akamlaza ukuta mmoja na baba mkwe. Ni aibu kwake na kwangu. Nililijua hilo, na bado nilisema. Akazunguka kutafuta kiwanja cha kununua, lakini bei zilikuwa zile nilizozisifu kwenye mkutano. Mwisho akapanga chumba kimoja Tanga mjini, bondeni huko, ambako mvua ikinyesha magodoro hupandishwa juu ya meza.

Mke wake alipojifungua, mama Bakari akaenda kumlea mzazi. Arobaini ikapita. Mtoto kifua hakikauki kwa unyevu wa kile chumba, na mkwe wangu ameshika kibarua, hana wa kumwachia. Nilipompigia simu mke wangu kumuuliza anarudi lini, alisema, "Nirudi nikakae na vigingi?" Hatujaachana. Huja sikukuu, akafua mapazia yangu, akarudi kwa mjukuu.

Si Bakari peke yake. Vijana waliofikia kuoa waliondoka mmoja mmoja, kwa sababu ile ile. Madrasa ina watoto wachache hata mwalimu anawafundisha barazani kwake. Upepo ulipoinua bati zangu nilikosa kijana wa kupanda juu. Bati mbili nimeziwekea mawe kwa kuyarusha, na chumba alichozaliwa Bakari sasa kinavuja. Harusi hatuna. Sijui kama yupo mtoto wa kijiji chetu anayejua udongo wa kukandika hukanyagwa mpaka uweje.

Mwaka huu nilikwenda kwa mtendaji, binti mdogo aliyehamishiwa kwetu, nikamwomba aitishe mkutano mkuu wa kijiji. Nilitaka kusimama mbele ya wote, niseme niliyoyasema na niliyoyaficha, tuifute kanuni. Siku ikafika. Walikuja wazee wenzangu na fimbo zao, na akina mama wachache. Mtendaji akahesabu watu, akangoja, akahesabu tena. Akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Babu, akidi haijatimia. Hatuwezi kuamua kitu."

Nikamwambia tuwangoje.

"Tumngoje nani, babu?" Aliniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza.

Jioni ile nikampigia Bakari. Nikamsihi aje mkutano ujao, aje na wenzake, wanyooshe mikono, nitamkatia kile kipande nyuma ya jiko na tutamkandikia. Nilisema tutamkandikia, kana kwamba bado tupo wa kukandika.

"Baba, mimi si wa kijiji hicho tena," akaniambia. "Nimeshajiandikisha huku mtaani. Hata nikija, mkono wangu hauhesabiwi."

Nyinyi mnaokaa kwenye kamati, mkiwa na kofia zenu na kalamu zenu, nawaomba. Kabla hamjaandika nyumba iweje, mtazameni kijana anayeanza bila kitu, mjiulize mmemwachia kona gani ya kuanzia. Na kama ndani ya kanuni yenu yumo mtu mnayemkimbia, iacheni kanuni hiyo, maana haitamtambua yeye peke yake. Itaingia mpaka uani kwenu, iwatoe walio wenu, na siku mtakapotaka kuifuta mtakuta walioweza kuifuta ndio wale iliowatoa.

Nami nina deni la jibu. Simoni, popote ulipo, kama unasoma haya au unasomewa: nyumba yangu haikuanza na tofali. Ilianza na fito na udongo, na katika waliokuja kuikandika alikuwamo baba yako, alitoka kambini kwa miguu.