Pipa la Mwisho la Mobeni

Siku kiwanda cha Mister Pelham kilipofungwa, Agosti 2012, Godelive aliamka na furaha isiyo na adabu. Kazi ilikuwa inakwisha, na hilo lilimuuma kama lilivyowauma wenzake. Lakini pipa la mwisho la bia alilipika yeye, na leo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya watu kulijua hilo.

Mama huyu wa Ngozi, Burundi, aliingia pale Mobeni, mtaa wa viwanda, mwaka 2003 kuosha mapipa. Kilikuwa kiwanda kidogo cha bia ya Kiingereza ya mtindo wa zamani, yenye rangi ya chai isiyo na maziwa, inayonywewa bila barafu. Mwaka 2008 mafua makali yalimwondolea Mister Pelham uwezo wa kunusa, naye akaona haya kusema. Akawa anamwita Godelive pembeni anuse shayiri, aonje, aseme chachu imefika wapi. Binti wa mpika pombe ya ndizi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Baada ya mwaka mmoja mzee alibaki kuwasha moto tu. Mengine yote alifanya Godelive, na sifa akapata mzee. Alinyamaza kwa heshima, ila ilimkera, tusidanganyane.

Mchana wateja wa zamani wakajaa uani, wengi wao wazungu wa mtaa wa Glenwood.

"Eish, iko watu mingi leo, mama," Aloys, mpakia mapipa, alimwambia.

Pipa likafunguliwa. Godelive akajaza glasi ya kwanza ampelekee mzee, ambaye kwa miaka thelathini alionja yeye kwanza. Watu wakatulia kumsubiri.

Hapo mkono ukamsaliti. Alistukia glasi iko mdomoni mwake mwenyewe, amemeza, na anatikisa kichwa kwa utamu. Mwosha mapipa kanywa kabla ya bosi!

Mama mmoja akamuuliza kwa ukali nani kampa ruhusa. Jibu la Godelive likatoka lenyewe, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga.

"Samahani. Kwetu aliyepika pombe ndiye anaonja kwanza mbele ya wageni, wajue haina sumu."

Wote wakageuka kumtazama mzee. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akaja polepole, akaipokea ile glasi, akamaliza iliyobaki.

"Amefanya sawa," akasema. "Miaka mitatu mliyonisifu, mlikuwa mnamsifu yeye. Mimi sinusi kitu."

Godelive alicheka huku machozi yanamtoka, na Aloys akapiga mluzi hadi mbwa wa jirani wakabweka.

Saa kumi lango lilifungwa kwa mnyororo. Mwenye baa moja ya Glenwood alimpita mzee, akamfuata Godelive barabarani, akamwomba namba ya simu. Godelive aliitaja tarakimu moja moja, taratibu, asije akakosea.