Nilitumbukia kwenye ufa wa barafu kule Alps, mke wangu ndiye aliyenishika

Wakuu, habari za humu ndani.

Naandika haya nikiwa nyumbani Scarborough, huku ughaibuni, mguu juu ya kochi, goti bado limevimba kidogo. Sijatia chumvi hata punje.

Mke wangu anaitwa Neema, anafanya kazi duka la dawa. Winter iliyopita wenzake wa kazini walimpeleka gym ya kupanda kuta, akanogewa. Mimi nilidhani ni mambo ya kupunguza tumbo.

Siku moja tunakula, akaniambia, "Baba Imani, nataka kujifunza kupanda milima ya barafu. Kuna kozi ya wanaoanza kule Ufaransa, kwenye Alps. Twende wote."

Mimi mtu wa Dodoma. Mlima kwangu ni kitu cha kuangalia kwa mbali. Ila nilikubali, maana akienda peke yake nisingepata usingizi.

Kule tulipewa mwalimu, Mfaransa mmoja mpole anaitwa Étienne. Siku za mwanzo unajifunza kutembea upya kama mtoto. Unafunga miba ya chuma chini ya buti, unashika shoka la barafu, halafu unajirusha kwenye mteremko makusudi ili ujue kujizuia.

Neema kila akianguka anacheka. Mimi nahema kama trekta bovu.

Niseme ukweli, mimi nina mwili mkubwa. Neema ananifikia begani. Tulipofungwa kamba moja nilimvuta mwalimu pembeni nikamuuliza, kweli huyu ndiye wa kunizuia nikianguka?

Akasema, "Anajua kuliko wewe."



Siku ya mwisho tulipanda kilele chetu. Tulifika wakuu, picha zipo. Neema alilia kidogo, mimi nikasingizia upepo.

Shida ikaja wakati wa kushuka. Mimi mbele, Neema katikati, mwalimu nyuma, wote kamba moja. Jua lilishalainisha theluji. Nikakanyaga mahali panapoonekana pazima kabisa, pakabonyea, pakakatika.

Miguu ikabaki inaning'inia. Chini yangu ufa, kuta za barafu rangi ya buluu, halafu giza. Kamba ikanibana kiunoni, goti likagonga ukuta, nikasimama hapo hapo hewani.

Niliwakumbuka watoto wote kwa majina.

Juu nikasikia sauti ya Neema, wala haitetemeki. "Baba Imani, nimekushika. Usirushe miguu."

"Utaweza?"

"Nimeshaweza. Tulia."

Mwalimu akachimbia kifaa cha kushikilia kamba kwenye theluji, wakanivuta mpaka nikatoka kwa tumbo. Nikamkuta Neema amelala kifudifudi, shoka limezama lote, mdomo ameuma mpaka damu.

Mwalimu akaniambia kwamba yeye mwenyewe aliponiona nimepotea alijitupa chini, akasubiri kamba imvute. Haikumvuta. Uzito wangu wote uliishia kwa Neema.

 Nikamfuta theluji usoni.

Tuliporudi, Jumapili kanisani, kwenye meza za chai baada ya ibada, wanaume wakanizunguka wanataka habari za kilele. Nikawapa habari za ufa, na nani alinishika. Mmoja akaninong'oneza, "Na wewe hii unaisimulia hivi hivi, mbele za watu?"

Nikamwambia naisimulia, na nikimaliza meza hii nahamia ile pale.

Nilichojifunza: kozi ile inafaa hata kwa mtu wa tambarare kama mimi, mradi usione aibu kufundishwa. Na unaweza kuishi na mtu miaka yote, mkala meza moja, na usijue nguvu zake zinafika wapi. Mimi sasa najua, na natembea kifua mbele kwa ajili yake.

Wenye ndoa leteni na za kwenu, mwenzako alikushangaza lini? Maswali ya kozi nitajibu mimi. Ya kamba nampa simu Neema mwenyewe.