Kifungo cha Shingoni

Jirani yangu alijiwekea sharti moja: jopo lisimuulize swali ambalo yeye hajajiuliza kwanza. Mvi zimemjaa, ana shahada mbili za ughaibuni, na chuo cha sheria kilimwambia hazitoshi, aje ajieleze mbele ya jopo la usaili. Basi kila jioni alifanya mazoezi sebuleni. Akitaka kuuliza kama jopo, alifunga kifungo cha shati cha shingoni kwa vidole viwili, na sauti ikamtoka nzito, kavu, isiyo yake. "Mzee mzima, sheria ya nini?" Akitaka kujibu alikifungua, akarudi yule mpole, mwenye kikohozi kidogo kabla ya kila neno. Kuchezea nafsi ni kuchezea moto, nilimwonya mkewe. Akacheka. "Shemeji, mwache agombane na nafsi yake, mimi nipumzike."

Wiki ya mwisho kabla ya usaili, kikohozi kilikoma. Niliwakuta mezani, mkewe akimsogezea sahani. "Baba, chakula kinapoa." Kifungo kilikuwa kimefungwa, kola imembana shingo. Mume alimtazama mkewe kama mtu aliyeletwa mbele yake kuhojiwa. "Una ushahidi gani?" Mkewe alingoja acheke. Hakucheka. Mama wa watu akanyoosha mkono, akakifungua kile kifungo mwenyewe, polepole. Sauti ikabaki ile ile: "Nimekuuliza, mama. Jibu."

Chuo kilimpokea. Mume aliyekuwa akikohoa kabla ya kusema, mkewe hajamsikia tena.