Filimbi ya Mchana

Wiki hii nilimleta polisi wa kata hadi mlangoni kwangu Buzuruga, maana kijana wa nyumba ya mbele anakaa barazani kutwa akiangalia mlango wangu, mume wangu yuko ziwani, niko peke yangu na mtoto, naogopa.

"Amekufanya nini?" aliuliza afande, mama mtu mzima.

"Hajanifanya kitu, mama. Anaangalia tu."

Akaiona ukutani filimbi ya ulinzi shirikishi, ya kuitana majirani kukiwa na hatari, tuliyogawiwa na mwenyekiti wa mtaa, bado imo kwenye nailoni yake.

"Ipige."

"Mchana huu?"

"Tuone nani anakuja."

Nikapiga. Majirani wakachungulia madirishani. Yule kijana akaja mbio, ndala mguu mmoja. "Mama Minza! Minza yuko wapi?"

Anamjua mwanangu kwa jina, mimi lake silijui, na ndiye niliyetaka akamatwe! Afande akamsalimia, akanigeukia mimi.

Ndugu wasomaji, mlinzi na mwizi wote wanaangalia mlango, mnawatofautishaje? Mimi bado najiuliza. Ila jana nikitoka kwenda sokoni nilikuta ile baraza tupu, nikarudi ndani kumsubiri yule kijana arudi, ndipo niende.