Vidonge vya Maharusi

Shangazi yangu ni somo. Kwa asiyejua, somo ndiye mwanamke anayekaa na bi harusi siku za kabla ya ndoa, akamfunda, akamsinga mwili kwa manukato, akamwambia mambo ambayo mamake anaona haya kuyasema. Mimi kazi yangu ni kupaka hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua. Kwa hiyo tumekutana, mimi na yeye, katika vyumba vya maharusi karibu wote wa Mkomani, mtaa wetu hapa kisiwani: yeye kichwani, mimi miguuni, na katikati yetu msichana anayeomba sote wawili tutoke.

Humo vyumbani ndimo nilimoona vita vyake. Wasichana wa siku hizi wana vidonge vyao vidogo vyeupe. Huvinunua kisirisiri, wakavimeza kabla ya harusi ili mashavu yajae na mwili uenee kwenye gauni. Jina lake la dukani ni deksa, lakini shangazi huviita vidonge vya maharusi, na husema hivyo kama mtu aliyeuma ndimu. Alikuwa na kawaida ya kupekua. Atapekua mkoba, chini ya mto, kwenye sanduku la vipodozi, hata ndani ya soksi. Akivipata hana maneno mengi, ni chooni tu. Siku moja alimwambia bi harusi mbele ya mawifi zake, "Bwana wako ameposa mtu, hakuposa puto." Nilicheka mpaka piko likaenda upande, ikabidi ua ligeuke kuwa jani.

Halafu ikaja ile miaka ya barakoa. Harusi zikapigwa marufuku, na shangazi akakosa wa kumpekua, akawa ananipekua mimi. Naishi naye tangu nilipoachika, na kila siku hupata neno la kunikumbusha kwamba niliachika.

Kikohozi kilianza kwangu. Kilikuwa kidogo, pamoja na pua kuacha kazi: nilikaa juu ya chetezo cha udi nisisikie harufu yoyote. Kisha kikahamia kwake, na kwake hakikuja kwa adabu. Homa, mwili kuuma, kikohozi kikavu cha mchana kutwa. Nikimwambia twende hospitali, anajibu, "Hospitali ni ya wagonjwa." Nilijua mambo yameharibika asubuhi aliponitukana akashindwa kumaliza tusi. Wallahi, huyu mwanamke hajawahi kuacha tusi nusu. Midomo yake ilikuwa imeingia rangi ya majivu, na mabega yanapanda na kushuka kwa kutafuta hewa.

Binamu zangu wawili wakambeba juu ya kiti cha plastiki, wakapita naye vichochoroni huku mimi nikitangulia nikipiga kelele watu watupishe. Yeye juu ya kiti, buibui likiburuzika chini, anatoa amri kwa vipande: "Buibui... laburura... mwanahizaya."

Daktari wa wodi alikuwa msichana wa bara, mfupi, mwenye viatu vya mpira na Kiswahili cha Nairobi. Akamtia shangazi kidude kidoleni, akatazama namba, akawaita wauguzi kwa haraka ambayo sikuipenda. Mara wakamwekea mpira wa oksijeni puani. Nikamuuliza kama atapona.

"Mapafu yamevimba. Tukimzuia asizidi hapa, atapona," akasema. "Akizidi, hatuna mashine kubwa kisiwani, na sijui kama atahimili safari ya boti kwenda Manda kupanda ndege."

Nilimwelewa. Nikarudi kitandani kwa mgonjwa nikatabasamu uso mzima, na ilikuwa kazi bure, kwa kuwa nilikuwa na barakoa.

"Pole, shosho," daktari akamwambia.

Shangazi akafungua jicho moja. "Shosho... ni nini?"

"Ni nyanya, mama. Bibi."

"Niite... Bi. Sikuzaa mamako."

Tangu hapo daktari akamwita Bi, na nikamheshimu kwa hilo. Heshima yenyewe haikudumu, kwa sababu ya dawa.

Nieleze. Wageni hawakuruhusiwa, ila mimi peke yangu wa kumuuguza, nami nilikuwa nimeshaambukizwa tayari. Basi ukoo mzima ukawa unaleta dawa langoni, nami nazitia kwenye kikapu. Huyu kapigiwa simu na rafiki yake wa Oman, yule kaona kwenye simu video ya mtu aliyevaa koti jeupe. Nikampelekea daktari kikapu kama mtu anayepeleka posa.

Akatoa ya kwanza. "Hii inaua bakteria. Bi ana virusi, na sijaona dalili ya bakteria. Rudisha."

Akatoa ya pili. "Hii ni ya malaria. Ilijaribiwa kwa wagonjwa kama yeye, haikusaidia. Rudisha."

Akatoa chupa ya tatu, akaigeuza, akaitazama tena. "Na hii?"

"Ya minyoo," nikasema.

"Minyoo ya nani?"

"Ya punda," nikasema polepole, lakini wodi ilikuwa kimya.

Shangazi akafungua mato yote mawili. "Nani... punda?"

"Dawa yenyewe imejaribiwa kwa watu pia, wenye ugonjwa huu," daktari akasema, na niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko alichokizuia. "Haikuwafaa. Warudishie wenye punda."

Nikapandwa na hasira. Kwani tumekuja hospitali kutazama dari? Nikamwambia daktari usoni kwamba kwetu mgonjwa haachwi hivi hivi, na kwamba bahili wa dawa sijapata kumwona ila yeye. Akaenda, akarudi na kikombe kidogo cha plastiki, ndani yake vidonge vyeupe.

Nilivijua kabla hajatia neno. Nimeviona vikizama vyooni miaka na miaka.

"Dawa yake ni hii," akasema. "Deksa."

Lahaula! Zile dawa zote alizozikataa, aje akubali hii! Shangazi akavitazama vile vidonge, akamtazama daktari, akanitazama mimi, kisha akatumia pumzi alizokuwa nazo zote. "Nimekuwa mwari? Nina mume... wa kumnenepea?" Akafumba mdomo. Daktari akaeleza, akabembeleza, akaeleza tena. Mdomo ule haukufunguka.

Kufikia alasiri oksijeni ilikuwa imeongezwa. Ile namba ya kidude cha kidoleni, nilikuwa nimeshaanza kuijua: ikipanda kidogo napumua, ikishuka nami nashuka nayo. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Huyu ndiye aliyenipokea nilipotoka kwa mume na sanduku moja, akanifungulia mlango na kusema, "Ingia, umekonda, chai iko jikoni," asiulize lolote mpaka nilipopenda kusema mwenyewe. Sasa alikuwa amekaa kitandani, mikono ameikaza magotini, kila pumzi anaivuta kama ndoo ya maji kutoka kisimani. Na dawa iko pale mezani, hatua moja kutoka kwake.

Nikamfuata daktari nje ya mlango. "Nipe nivisage," nikamwambia. "Nimtilie kwenye uji. Hatajua."

"Hapana."

"Atakufa!"

"Naogopa hivyo pia," akasema. "Lakini ana akili zake timamu. Siwezi kumlisha kitu alichokikataa. Na akigundua, hatatuamini tena kwa lolote."

Nilimpigia kelele, na sitayaandika niliyoyasema. Katika maneno yale yote nikamtolea na habari ya harusi: vyoo, mikoba, soksi. Daktari akasikiliza mpaka mwisho. "Kumbe," akasema. Akaingia ndani, akavuta kiti, akakaa mbele ya shangazi. Safari hii hakushika kidonge.

"Bi, nasikia ukivipata hivi unavitupa chooni."

Shangazi akanitazama mimi, msaliti.

"Unafanya vizuri. Msichana mzima wa afya akivimeza kwa ajili ya mashavu, anajiumiza. Sukari inapanda, mifupa inadhoofika, mwili unakosa nguvu ya kupigana na maradhi. Ningekuwepo ningekushikia mlango wa choo."

Jicho la shangazi likalegea kidogo.

"Lakini wewe si mzima. Virusi vimeingia mwilini, mwili ukakasirika, na sasa hasira imepita kiasi. Hasira hiyo ndiyo inayoyaumiza mapafu. Dawa hii inaituliza."

Hapo nikaona daktari amepotea ndia. Kumwambia shangazi yangu kwamba hasira ina madhara! Lakini yeye akauliza tu, "Nani... kakwambia?"

"Wagonjwa," daktari akasema. "Mwanzoni hakuna aliyejua. Madaktari wengine walisema itaokoa, wengine walisema itaua. Tulikuwa tunabahatisha. Basi katika hospitali za nti nyingine..." Alisema nti, kama sisi, sijui alijifunza lini. "Wakawauliza waliolazwa: mnakubali tupige kura? Kura ikikuangukia huku, utatibiwa kama kawaida na dawa hii juu yake. Ikikuangukia kule, utatibiwa kama kawaida bila hii. Mgonjwa hachagui, daktari hachagui. Mwisho wakahesabu."

"Wakahesabu nini?"

Daktari akasita. "Waliokufa, Bi."

Nilitaka kumkanyaga mguu. Mtu anasemeshwa hivyo kitandani? Lakini shangazi alikuwa anamtazama kwa makini, kama anavyowatazama wasichana anapotaka waseme kweli.

"Miongoni mwa waliokuwa kwenye oksijeni kama wewe," daktari akaendelea, "waliopewa walikufa wachache kuliko wasiopewa. Hiyo ndiyo sababu nakupa. Na zile za kwenye kikapu, nyingine zilijaribiwa hivyo hivyo, zikaonekana hazifai."

Shangazi akavuta pumzi kadhaa kabla ya kusema. "Hao waliokosa... walijua?"

"Walijua huenda wakakosa. Wasilojua ni kwamba kukosa ndiyo hasara. Ingeweza kuwa kinyume."

"Na pumzi zao... hizi hizi?"

"Hizi hizi."

"Wakakubali?"

"Wakakubali."

Maji ya kichupa cha oksijeni yalikuwa yanabubujika ukutani. Shangazi akatazama mikono yake.

"Ni watu wa wapi?"

"Siwajui, Bi. Wengi walikuwa watu wazima."

"Wenye watoto?"

"Bila shaka."

Shangazi akanyoosha kiganja. "Lete," akasema. Akapiga bismillahi, akavimeza, akakunja uso. Alipopata pumzi akanielekezea kidole. "Na huyu... akohoa. Mpe. Huenda akaolewa."

"Huyu hapewi," daktari akasema. "Anayehitaji oksijeni inamsaidia. Asiyeihitaji haimfaidi kitu, na huenda ikamdhuru."

Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama aliyeshinda kesi.

Hakuinuka siku ile wala ya pili. Namba ilikaa palepale, na mimi nikakaa palepale, mkono wangu kwenye mguu wake. Kisha ikaanza kupanda pole pole, wakapunguza oksijeni, wakapunguza tena. Walikuwa wakimdunga kidole kila mara kuangalia sukari, kwa kuwa dawa huipandisha, naye kila wakimdunga anauliza kama kwao hawana kazi nyingine. Akaanza kuona ndaa. Akataka mkate wa mofa, akataka samaki wa kupaka, akanituma nyumbani na kunisuta kwamba nimechelewa. Siku aliponitukana tusi zima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na nyongeza ya babangu ambaye ni kakake mwenyewe, nilikwenda nje nikalia.

Wauguzi wakamwita bi harusi. Akijifanya amekasirika, lakini nilimwona akijitazama mashavu kwenye kioo cha simu yangu. Siku ya kuruhusiwa, daktari akaikomesha dawa. Nikauliza kama tutapewa kidogo ya akiba nyumbani. Shangazi akanipiga kofi la mkono kabla daktari hajafungua mdomo.

Alipopata nguvu za kukaa sebuleni, akasema anataka kusomesha khitma. Tulidhani ni ya shukurani. Tukawa wachache, tumekaa mbali mbali: mwalimu wa chuo cha Qurani, binamu wawili na wake zao, na mimi nikipika kahawa, ambayo harufu yake nilikuwa nimeanza kuisikia tena. Wakasoma, wakamaliza, mwalimu akainua mikono kwa ajili ya dua. Akageuka kumuuliza shangazi thawabu ziende kwa nani, kwani khitma kwa kawaida husomewa marehemu.

"Kuna watu walipigiwa kura ya dawa," shangazi akasema. "Wengine wakaangukiwa na kura ya kukosa, wakafa. Ni wao."

Mwalimu akashusha mikono. "Majina yao, Bi?"

"Siyajui."

"Ni watu wa hapa?"

"Wa nti za mbali."

Mwalimu akakohoa kidogo, na siku zile mtu akikohoa sote tuliruka. "Na wasipokuwa Waislamu, Bi?"

"Hilo ni la Mungu, mwalimu," shangazi akasema. "Wewe omba. Miye napumua."

Mwalimu akainua mikono tena, akawaombea, wao na watoto wao waliowaacha, nasi tukaitikia amin.